Miezi 14 kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili: tathmini ya kliniki binafsi

Nimehudhuria kliniki ninayoitathmini hapa kwa muda wa miezi 14, na katika muda huo nimemwona daktari mmoja yule yule mara 19. Kabla ya hapo nilitibiwa kwa miaka 2 katika kliniki ya wagonjwa wa nje ya hospitali kubwa ya mafunzo, kwa hiyo nina mahali pa kulinganishia. Sitaitaja kliniki wala daktari, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko niliyoyafikisha kwake mwenyewe naye akayajibu, na si haki kumtangaza mtu kwa kosa alilokwisha kulisahihisha. Ninachotaka kumpa msomaji ni njia ya kuipima huduma ya aina hii, maana daktari wa akili anayefanya kazi peke yake ni mgumu kupimwa: mgonjwa anapomwendea hajui aulize nini, na huo ndio wakati ambao akili yake imechoka kuliko wakati mwingine wowote.

Nianze na mlango. Nilipopiga simu mara ya kwanza, karani wa mapokezi aliniuliza kama niko salama usiku ule, dawa ninazotumia ni zipi, na kama nina barua ya rufaa. Kisha akanieleza bila kuzunguka kwamba daktari hapokei watoto, hapokei mtu anayehitaji kuondolewa pombe au dawa za kulevya mwilini, wala mtu aliye katika hatari inayohitaji kulazwa. Hao huelekezwa hospitalini siku hiyo hiyo. Nilisubiri wiki 3. Wakati ule niliona kwamba kliniki inachagua wagonjwa, lakini baadaye nilielewa kwamba mtu anayetibu katika chumba kimoja, bila wodi na bila wauguzi wa zamu, anapaswa kujua mwisho wa uwezo wake na kuutamka kabla mgonjwa hajafunga safari. Chumba cha kusubiri ni safi, ila ukuta unaokitenganisha na chumba cha daktari ni mwembamba. Siku ya kwanza nilisikia kilio cha aliyenitangulia. Sikuyasikia maneno yake, lakini kile kilio kilitosha kunifanya nitake kuondoka. Ukuta huo haujabadilishwa hadi leo, na kwa huduma ambayo mtaji wake mkubwa ni siri ya mgonjwa, hilo ni pungufu ambalo siwezi kulifumbia macho.

Mahojiano ya kwanza yalichukua dakika 80. Hospitalini ya kwanza yalikuwa ya nusu saa, na yaliyofuata yalikuwa ya dakika 10 hivi. Tofauti hiyo ya muda ndiyo watu wengi hudhani wanainunua wanapokwenda kwa daktari binafsi, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini dakika 80 mikononi mwa mtu asiyejua la kuuliza hazina faida. Daktari huyu aliniuliza juu ya kuzaliwa kwangu, masomo, kazi, usingizi, pombe, maradhi ya wazazi na ndugu zao, na kama kuna yeyote katika ukoo aliyewahi kulazwa au kujitoa uhai. Aliniuliza kwa sauti ile ile aliyoniulizia juu ya usingizi kama nimewahi kutamani kufa, na nilipojibu ndiyo hakushtuka wala hakukimbilia kunihubiria. Aliuliza lini, kwa namna gani, na ni kitu gani kilinizuia. Nilisoma baadaye kwamba katika mazungumzo yale yale alikuwa akifanya uchunguzi wa hali ya akili, yaani akiangalia mavazi na mwenendo, kasi ya maneno, hisia, mpangilio wa mawazo, kama ninaona au kusikia visivyokuwepo, kumbukumbu, na kama ninatambua kwamba ninaumwa. Mimi niliona ni maongezi tu.

Ndipo akauliza swali ambalo katika miaka 2 halikuwahi kuulizwa kwa namna ile: je, kumewahi kuwa na siku ambazo nililala kwa saa tatu au nne tu na nikaamka bila uchovu, nikiwa na mipango mingi kuliko kawaida, nikisema haraka, nikitumia fedha bila kufikiri? Nilimjibu kwamba hizo ndizo wiki zangu nzuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuyaficha. Sikujua kwamba nayo ni maradhi. Niliyaona kuwa ndiyo mimi halisi, na ile sonona, yaani huzuni nzito niliyokuwa nikitibiwa, ndiyo mgeni.

Hakuniandikia dawa mpya siku hiyo. Alinipeleka maabara kupima damu, figo na tezi ya thairodi, kwa sababu tezi hiyo ikilegea huweza kumfanya mtu awe mzito, mwenye usingizi na huzuni kama mgonjwa wa sonona, na ikizidi kasi humfanya asitulie. Akaniomba, kama sitaona vibaya, nirudi na mtu ninayeishi naye. Nilikwenda na mdogo wangu, naye akataja vipindi vitatu ambavyo mimi sikuwa nimevihesabu, kimoja cha siku 9. Baada ya hapo tu ndipo daktari alipotamka kwamba anadhani ugonjwa wangu si sonona peke yake bali ni bipola, ule wa aina ya pili, ambao hisia zake hushuka sana na kupanda kiasi. Alinieleza mipaka inayotumiwa: kushuka kwa wiki 2 au zaidi, kupanda kwa siku 4 au zaidi. Akanieleza pia kwa nini dawa ya sonona ikitumiwa peke yake kwa mgonjwa wa namna yangu inaweza kumsukuma juu badala ya kumtuliza.

Nisiwaonee walionitibu kabla yake. Hospitalini nilionwa na madaktari wanne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mzembe. Wote walikuwa katika mafunzo ya ubingwa, na mafunzo hayo huendeshwa kwa mizunguko: daktari hukaa miezi kadhaa katika kitengo kimoja, kisha huhamishiwa kingine, ili aone magonjwa ya kila aina na ya kila umri. Uingereza, kwa mfano, miaka ya mwanzo ya mafunzo hayo hugawanywa kwa vipindi vya miezi 6. Kwa daktari huo ni utaratibu mzuri sana. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba kila mara anapoanza kumzoea mtu, mtu huyo huondoka, na anayekuja huanza na faili. Kila mmoja wao aliniuliza vizuri juu ya leo yangu. Hakuna aliyekaa vya kutosha kuona mwaka wangu. Na bipola ya aina ya pili ni ugonjwa unaoonekana kwa mwaka, maana mgonjwa huenda hospitali akiwa chini, na akiwa juu huona hana haja ya daktari.

Katika ziara ya tatu nilimuuliza daktari alikopita hadi kufika kwenye kiti kile. Niliuliza kwa woga, nikidhani ataona namtilia shaka, lakini alijibu kama mtu aliyelitarajia swali na hata akaniambia kwamba anasikitika linaulizwa mara chache. Alisoma udaktari miaka 6, akafanya utarajali mwaka mmoja katika wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi na watoto, akafanya kazi ya udaktari wa kawaida miaka 2, kisha akaingia mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili kwa miaka 4. Baada ya kufuzu alibaki hospitalini miaka 5 kabla ya kufungua milango yake mwenyewe, na hata hapo alianza kwa jioni moja kwa wiki. Sasa yuko kliniki siku 3 na hospitalini siku 2.

Nilipofuatilia niliona kwamba urefu wa njia hiyo hutofautiana baina ya nchi, ila haupungui popote hadi kuwa jambo la kubahatisha. Marekani mafunzo ya ubingwa ni miaka 4 baada ya shule ya udaktari, na mwaka wa kwanza unapaswa kuwa na miezi ya tiba ya kawaida, na katika mafunzo hayo lazima pia iwepo miezi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Anayetaka kutibu watoto huongeza miaka 2, ambayo anaweza kuianza baada ya mwaka wa tatu. Kanada ni miaka 5. Australia na New Zealand hayapungui miaka 5. Uingereza daktari hufanya miaka 2 ya msingi, kisha 3 ya mwanzo ya ubingwa na 3 ya juu, na katikati hukabili mitihani ya chuo cha kifalme cha madaktari wa akili, ambayo mmoja wake humpitisha katika vituo 16 vyenye wagonjwa wa kuigiza ili aonekane jinsi anavyozungumza, si anachokumbuka tu. Katika vyuo vya Afrika Mashariki shahada ya uzamili ya fani hii kwa kawaida ni miaka 3 juu ya udaktari na utarajali. Hiyo ndiyo sababu, kwa wasioielewa tofauti, daktari wa akili anaweza kuagiza vipimo vya figo na kuandika dawa, na mwanasaikolojia, ambaye naye ana elimu yake ndefu ya njia nyingine, katika nchi nyingi hawezi.

Lakini idadi ya miaka siyo iliyonigusa katika maelezo yake. Kilichonigusa ni kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuwa peke yake. Kila wiki alikuwa na saa moja ya kukaa na msimamizi wake, akieleza wagonjwa aliowaona, waliomkasirisha, waliomtisha na aliowapenda kupita kiasi. Alihudhuria kikundi cha Balint, utaratibu ulioanzishwa London katika miaka ya 1950 na Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria, ambamo madaktari wachache hukaa na mmoja wao husimulia mgonjwa mmoja, na wenzake humsaidia kuona kinachoendelea baina yake na mgonjwa huyo. Alisikilizwa, alikosolewa, alipewa alama, na kila alipoandika dawa nzito kulikuwa na jina la mkubwa wake juu ya lake.

Kisha siku mtu huyo anapofungua kliniki binafsi, yote hayo hukoma kwa mkupuo. Hakuna msimamizi, hakuna kikao cha asubuhi cha wodi, hakuna muuguzi mzoefu wa kumnong'oneza kwamba mgonjwa wa kitanda cha pembeni hakulala. Sheria za nchi nyingi humtaka awe na leseni hai na aendelee kujielimisha, na Uingereza tangu 2012 daktari hupaswa kuthibitisha upya ustahiki wake kila baada ya miaka 5, lakini baina ya uthibitisho mmoja na mwingine kuna maelfu ya mazungumzo ambayo hayana shahidi. Daktari wa hospitali ana watu nyuma yake atake asitake; daktari wa kliniki binafsi huwa nao akiamua tu kuwa nao. Hicho ndicho kipimo changu cha huduma hii, nami nakiona kizito kuliko samani, kuliko muda wa mahojiano, na hata kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani, kwa kuwa cheti husema nani alimsimamia zamani na hakisemi nani anamsimamia sasa.

Kwa kipimo hicho daktari huyu yuko vizuri, ingawa hakuwa vizuri kila mahali. Hukutana na wenzake watano mara moja kwa mwezi, wote wenye kliniki binafsi, na kila mmoja huleta mgonjwa mmoja bila jina. Zile siku 2 za hospitalini alizibakiza, kwa maneno yake, ili asisahau sura ya ugonjwa mkali, na ili madaktari wanafunzi waendelee kumuuliza kwa nini. Jambo hilo la pili lilinitia imani kuliko lolote, maana mtu anayelazimika kumweleza kijana kila Jumanne sababu ya uamuzi wake hawezi kuufanya kwa mazoea Jumatano.

Dawa aliyoniandikia ni lithiamu, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ni dawa inayoonyesha kliniki inavyoendeshwa. Ni chumvi ya madini, si kitu kilichobuniwa na kampuni. John Cade, daktari wa akili wa Australia, alichapisha mwaka 1949 taarifa ya wagonjwa wake waliotulia kwa kuitumia, na Mogens Schou wa Denmark aliifanyia majaribio ya kisayansi katika miaka ya 1950, lakini Marekani haikuiruhusu rasmi hadi 1970. Uzuri wake ni kwamba kwa wengi huzuia hisia kupanda na kushuka, na inahusishwa na kupungua kwa vifo vya kujitoa uhai. Ugumu wake ni kwamba nafasi baina ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni finyu mno. Kiwango ninachotakiwa kuwa nacho kwenye damu ni milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita, ikivuka 1.5 ni sumu, na wengine huumwa hata kabla ya hapo. Hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo kuharisha, kutapika, jasho jingi, kupunguza chumvi ghafla au dawa fulani za maumivu na za shinikizo la damu huweza kuipandisha bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja.

Kliniki ina daftari la watu wanaotumia dawa hii, na karani hupiga simu wiki moja kabla ya tarehe ya kipimo. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, tena hukumbushwa kila mara, kwa sababu ikichukuliwa mapema jibu huwa la uongo. Mwanzoni nilipimwa kila wiki hadi kiwango kilipotulia, baadaye kila miezi 3, na figo na thairodi kila miezi 6. Hakuna mara hata moja niliyopewa karatasi ya dawa bila jibu la maabara kuwa mezani. Ziara za kawaida ni za dakika 30, naye huanza kwa kuangalia kijedwali nilichofundishwa kujaza cha usingizi na hisia za kila siku, ambacho kwangu kimekuwa na faida kuliko kumbukumbu, maana nikiwa chini huapa kwamba sijawahi kuwa juu.

Sasa kosa. Mwezi wa 8 daktari alikwenda likizo ya wiki 3. Katika wiki ya pili nilishikwa na maumivu ya mgongo, nikanunua dawa ya maumivu. Mwanzo wa matibabu nilipewa karatasi inayokataza dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, nami niliikumbuka, lakini niliyouziwa ilikuwa diklofenaki yenye jina la kibiashara nisilolijua, na sikusoma maandishi madogo ya boksi. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu na naikubali. Siku ya tano mikono ilitetemeka hadi nikamwaga kikombe, nikaharisha, na nilipotembea niliyumba kama mlevi. Nilipiga simu kliniki. Karani aliniambia kwa upole kwamba daktari atarejea Jumatatu ya wiki ijayo, na kwamba nikizidiwa niende hospitali yoyote. Nilipomuuliza ni daktari gani anayeshika nafasi yake, hakuwepo. Nilipomwomba anisomee kiwango changu cha mwisho, hakuruhusiwa kufungua faili.

Nilipofika idara ya dharura sikuweza kusema vizuri, na daktari wa zamu hakuwa na kitu mkononi: hakujua dozi yangu, hakujua kiwango changu cha kawaida, hakujua figo zangu zilikuwaje mwezi uliopita. Mdogo wangu ndiye aliyerudi nyumbani kutafuta maboksi. Damu ilionyesha 1.6. Nilisimamishiwa lithiamu, nikatundikiwa maji, nikalala siku mbili chini ya uangalizi, nikapona bila madhara ya kudumu. Niliyoyapata ni madogo ukilinganisha na yanayoweza kumpata mtu kwa sumu hiyo, lakini zile saa nne za mdogo wangu kutafuta boksi la dawa usiku hazikupaswa kuwepo, kwa kuwa taarifa yote iliyohitajika ilikuwa katika kabati la kliniki, umbali wa simu moja.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mafunzo ya ubingwa, kwa kadiri nilivyoelezwa, hayamfundishi daktari vya kutosha. Hospitalini, akienda likizo, nafasi yake hujazwa na ratiba ambayo hakuitunga yeye. Faili huhifadhiwa na idara ya kumbukumbu. Zamu ya usiku ina jina ubaoni. Anapojitegemea anakuwa yeye ndiye ratiba, yeye ndiye idara ya kumbukumbu, yeye ndiye mwajiri wa karani na mlipaji wa bima ya kitaaluma, na hakuna mtihani hata mmoja kati ya ile aliyofanya uliomuuliza nani atapokea simu ya mgonjwa wa lithiamu wakati yeye hayupo. Daktari stadi sana anaweza kuendesha kliniki yenye tundu kubwa la namna hiyo na asilione, kwa kuwa kwa miaka 10 na zaidi lilizibwa na wengine.

Aliporudi nilimwandikia barua ya kurasa mbili, na katika ziara iliyofuata aliiweka mezani, akaomba radhi bila kujitetea, na akaniomba ruhusa ya kukipeleka kisa hicho kwenye kikao chake cha wenzake watano, bila jina. Nilimruhusu. Katika muda wa miezi 2 mambo matatu yalibadilika. Kila anapoondoka, mmoja wa wale watano hushika nafasi yake, na jina lake na namba ya kumpata hutumwa kwa wagonjwa wote siku 7 kabla. Kila mgonjwa wa lithiamu hupewa barua ya ukurasa mmoja yenye utambuzi wa ugonjwa, dozi, viwango vitatu vya mwisho na hali ya figo, na hubadilishiwa kila anapopimwa. Yangu hukaa kwenye pochi, na nakala anayo mdogo wangu. Na ile karatasi ya dawa zilizokatazwa imeandikwa upya ikiwa na majina ya kibiashara yanayopatikana madukani. Niliambiwa kwamba wenzake wawili nao walikuta tundu lile lile katika kliniki zao.

Tiba ya mazungumzo siipati kwake bali kwa mwanasaikolojia wa chumba cha pili, kila wiki 2. Wawili hao huzungumza juu yangu kwa idhini niliyoitia sahihi, na sijawahi kupata ushauri unaogongana. Ningependa daktari mwenyewe afanye zaidi ya hili, maana alifundishwa, lakini saa zake hazitoshi, na mwanasaikolojia huyu ni mzuri.

Ada ni kubwa, na hilo sina njia ya kulipamba. Mimi naimudu kwa kujinyima, na wengi hawawezi hata kwa kujinyima. Nikikaa katika chumba kile cha kusubiri nawaona watu wanaofanya kazi, wenye nguo zilizopigwa pasi, wenye sonona, wasiwasi na bipola kama yangu. Wenye skizofrenia kali, wanaotembea barabarani wakizungumza na sauti wanazozisikia wao tu, siwaoni pale. Njia hiyo ndefu ya mafunzo hulipiwa kwa sehemu kubwa na hospitali za umma na hufunzwa kwa miili na maisha ya wagonjwa wa umma, kisha mwisho wake huweza kuwa chumba tulivu ambacho wagonjwa hao hawakifikii. Sisemi daktari asijitegemee. Mimi mwenyewe niliokolewa na kujitegemea kwake. Nasema kwamba zile siku 2 za hospitalini nilizoziona kuwa dalili ya ubora wake ni deni pia, na ningemshauri anayechagua baina ya madaktari wawili wa kliniki binafsi wanaolingana kwa mengine amchague yule anayeendelea kulilipa.

Anayetaka kuanza huduma ya aina hii namwomba aulize katika ziara ya kwanza mambo ambayo mimi niliyauliza nikiwa nimekwisha kuumia: alipata wapi ubingwa na kwa miaka mingapi, anajadiliana na nani wagonjwa wanaomshinda, nani hushika nafasi yake akisafiri, na kama anaweza kumlaza mgonjwa mahali ambapo yeye mwenyewe ataendelea kumwona. Huyu wangu hujibu yote manne sasa. Mwanzoni angejibu matatu.

Lililobaki ni usiku. Baada ya saa kumi na mbili jioni simu ya kliniki hupokelewa na sauti iliyorekodiwa, inayomtuma kila mtu idara ya dharura. Nimemwandikia tena, nikipendekeza wale madaktari sita wapokezane zamu ya simu moja kwa wagonjwa wao wote. Amenijibu kwamba ameliweka kwenye ajenda ya kikao cha mwezi ujao, na kwamba wawili wamekwisha kukubali.